Sauli ni Ojara, Daudi ni Mimi

Jumatatu, 1 Machi 1976. Kyebando.
Mchungaji ametangaza. Jumapili ya tarehe kumi na nne, ibada yetu ya Kiswahili itachagua mwenyekiti. Kile kiti cha mikono karibu na mimbari hakina mwenyewe tangu mzee wetu arudi kwao Kitgum. Nani akikalie kama si mimi, Anselme? Fundi cherehani, msomaji wa Biblia, miaka kumi na mmoja Kampala tangu nitoke Bukavu! Kikwazo ni kimoja: Ojara. Polisi mstaafu, mrefu kama mlingoti wa bendera, hasemi neno. Watu wanampenda bure tu. Hata mke wangu Julienne anasema Ojara ni mtu mzito. Mzito wa nini? Wa kula posho, ugali wa hapa!

Jumanne, 2 Machi.
Wazo! Limenijia nikipiga pasi. Ojara ndiye mpangaji wa masomo ya Jumatano. Nimemwomba somo la wafalme wa Israeli: uaminifu na uongozi. Amenipa, na ameshukuru. Maskini. Amesahau kwamba Sauli alikuwa mrefu kuliko watu wote, na Mungu akamkataa. Daudi je? Mfupi, mtu wa kazi za mikono. Sitataja jina la mtu. Nitatazama tu.

Jumatano, 3 Machi.
Nilianza vizuri. Sauli aliambiwa angoje, hakungoja. Aliambiwa asibakize kondoo hata mmoja, akabakiza walionona. Kila nikifika kwenye neno "mrefu", jicho kwa Ojara. Nikapata moto. Nikapaza sauti kwamba mtawala asiye mwaminifu, hata awe mrefu vipi, Mungu atamvua ufalme.

Wanawake wakatazama miguu yao. Mama mmoja akamziba mwanawe mdomo. Nikageuka. Mlangoni, Sajenti Wahabi, mume wa Lakot wa kwaya. Sare kamili ya jeshi. Kidaftari mkononi. Anaandika!

Wahabi ni Mwislamu, humngoja mkewe nje siku zote. Leo ameingia. Na katika nchi hii si Ojara peke yake aliye mrefu: Rais naye ni jitu. Nikajaribu kurekebisha. Nikasema Sauli kwa kweli alikuwa mfalme mzuri mno, na huenda wale kondoo walijibakiza wenyewe. Nikafunga kwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali.

Alhamisi, 4 Machi.
Chakula hakipiti. Julienne ameuliza kwa nini nimetia blanketi na mswaki kwenye begi. Nimemweleza. Amekaa chini akanishika mikono, hakunicheka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mwaka jana rafiki yetu wa Kasubi aliitwa ajibu maswali mawili tu. Viatu vyake bado viko mlangoni kwa mkewe.

Ee Mungu, kiti sikitaki tena. Nataka kuishi.

Ijumaa, 5 Machi.
Saa nne asubuhi Landrova ya jeshi ikasimama mbele ya kibanda changu. Ojara alikuwa anaingia kuchukua suruali yake. Sikumsalimu. Nilijitupa nyuma, chini ya marobota ya vitambaa vya sare za shule, naye akiniona kwa macho yake. Mabuti yakaingia. Nikasikia Wahabi akiuliza mwalimu yuko wapi. Nikasema moyoni nimekwisha. Mtu niliyemchafulia jina mbele ya kanisa zima ndiye anayejua nilipo!

Ojara akajibu kwamba hajui. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeagiza chai:

"Afande, kama ile somo iko na kosa, kosa ni yangu. Mimi ndiye nalimpa. Kama ni kwenda, twende mimi na wewe."

Nikang'ata kitambaa. Wahabi akafungua kidaftari chake.

"Kosa iko," akasema. "Mwalimu nasahau mto."

Akaeleza. Madrasa walimfundisha kwamba huyo Sauli, kwao Taluti, aliwajaribu askari wake mtoni. Aliyekunywa hadi kushiba akaachwa, aliyeonja kwa kiganja akaenda naye vitani. Uaminifu wote uko pale, akasema, na mimi nimeupita mbio nikifuata kondoo. Alikuwa ameandika asisahau kuniambia.

Vumbi la marobota likaniingia puani. Nikapiga chafya. Wakanifunua. Wahabi akauliza nafanya nini humo. Nikasema natafuta sindano. Kisha nikalia, sioni haya kuandika. Nikamkumbatia Sajenti, nikamkumbatia Ojara kiunoni, maana ndipo ninapofika. Niko hai! Jioni nimekula matoke sahani mbili na kuongeza.

Julienne amenikumbusha kwamba siku Sauli alipotafutwa afanywe mfalme, alikutwa amejificha kwenye mizigo. Sijui kwa nini amelitaja leo.

Jumapili, 14 Machi.
Ojara amechaguliwa. Kura zote ila moja. Hiyo moja naujua mwandiko wake. Amekaa kwenye kiti cha mikono, magoti yamemfika kifuani, na neno lake la kwanza ni kwamba masomo ya Jumatano yabaki kwangu. Nimeshukuru kwa moyo wangu wote. Suruali yake nimemshonea bure. Mtu huyu nina deni naye la uhai, na sitamfanyia hila tena.

Lakini! Leo mchana nimesoma habari za Absalomu, mwana wa Daudi. Kijana hodari! Kila asubuhi alisimama langoni, akashika watu mikono, akasikiliza mashtaka yao, mpaka wakampenda kuliko mfalme mwenyewe. Na nywele zake! Israeli nzima hakuna aliyekuwa nazo kama yeye. Basi Jumapili ijayo nitasimama langoni mwa kanisa mapema, kabla Ojara hajafika. Na kinyozi nimemwambia asinitarajie tena.

Julienne ameuliza kama habari hiyo nimeisoma mpaka mwisho, mpaka kwenye ule mti uliomnasa kichwa. Nimemjibu kwamba mwanzo unatosha.