Siafu Ndani ya Suruali ya Kuazima

Ndugu zangu, leo uso wangu nimeuacha pale Bugene, mbele ya wakubwa wawili na vijana thelathini. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia sokoni, maana huko watatia chumvi. (Ingawa sidhani kama imebaki nafasi ya kutia.)

Kazi yangu pale shuleni mnaijua. Asubuhi nafundisha Kiswahili na hesabu. Alasiri, vitabu vikishafungwa, nawatoa vijana uwanjani kwa gwaride, kuimba na kuruka. Nasema vijana, lakini wengine ni watu wazima. Tibaijuka wa mstari wa mbele ana mke na ng'ombe wawili. Kwao wanasema Kinyambo, na Kiswahili changu cha baba zangu wa pwani huwapita juu ya vichwa. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa niliwapa kanuni moja: msingoje maneno, nitazameni mimi, ninalolifanya nanyi lifanyeni. (Nilijiona mwerevu sana.)

Basi leo alikuwa anakuja Mzungu mkaguzi kutoka Bukoba. Habari zilikwisha kutufikia kwamba haoni faida ya michezo ya alasiri, na kwamba angependa wanafunzi washike majembe wapalilie kahawa hadi jua lizame. Mwalimu mkuu wetu, Mzee Kajuna, aliniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba leo shule nzima iko mabegani mwangu.

Nikaona heshima hiyo yataka mavazi. Nikaenda kwa askari mmoja mstaafu, nikamwomba suruali yake ya kaki pamoja na vile vitambaa virefu vya kuzungushia mguu, toka kifundo mpaka gotini. Nikaketi nyuma ya darasa juu ya rundo la nyasi za kutandaza migombani, nikavaa bila haraka. Vile vitambaa nikavikaza kwa nguvu zangu zote. Hata upepo usingepenya.

Kwenye lile rundo walikuwamo siafu. Walipoingia sikuwasikia. Mnajua adabu ya siafu: hatangulii mmoja akauma, wanangojana.

Wageni wakafika. Mkaguzi akaketi kitini, na kushoto kwake akaketi katikiro, yule waziri wa mfalme wetu, na kanzu yake nyeupe isiyo hata tone la vumbi. Vijana wakasimama mistari mitatu, wamenyooka kama miti ya uzio. Mkaguzi akaniuliza michezo hii inamjengea kijana kitu gani. Nikatoa kifua mbele.

"Utulivu, bwana," nikasema. "Kijana aliyefunzwa hapa hatikisiki, hata aumwe na nini."

Na hapo ndipo siafu walipopeana ishara.

Wa kwanza alikuwa pajani. Nikauma meno, nikavumilia. Wa pili, wa tatu, halafu nikapoteza hesabu. (Mwalimu wa hesabu.) Goti la kulia likapanda lenyewe mpaka kifuani. Magoti thelathini yakapanda. Nikalipiga paja kofi, na nyuma yangu yakalia makofi thelathini kwa mpigo mmoja. Sikugeuka kuwakataza, kwa sababu wakati huo siafu mmoja alikuwa amefika mahali ambapo siwezi kupataja mbele ya baba yangu aliyeketi hapa. Nikatoa sauti. Si neno la Kiswahili wala la Kinyambo. Vijana wakaitoa vilevile, mpaka kunguru wakaondoka juu ya paa.

Nikazunguka mara mbili, wakazunguka mara mbili. Nikaruka kwa mguu mmoja nikijipiga kiunoni, na uwanja mzima ukaruka. Nilimtazama Mzee Kajuna aniokoe. Amefumba macho, midomo inacheza. Anasali.

Mwishowe nikakimbia. Nikajitupa kwenye migomba, nikafungua vile vitambaa, nikaivua suruali ya watu na kuanza kuikung'uta kwenye mgomba. Nilipopata pumzi kidogo ndipo nikasikia nyayo za vijana zikisimama nyuma yangu. Nikageuka. Wamesimama mistari mitatu ileile, kila mmoja mkono uko kwenye fundo la shuka yake. Nyuma yao wanawake watatu waliokuja kukata ndizi wamesimama na visu, hawajui watazame wapi. (Mmoja alijua.)

Tibaijuka akakohoa kidogo.

"Mwalimu," akaniuliza, "na hili tulifanye hapahapa, au mbele ya wageni?"

Nikamwambia akaniletee shuka yoyote. Akanipa yake ya akiba, fupi, nikarudi uwanjani nimeishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nimekwisha kuwaza nitaishi wapi baada ya hapa. Labda Nyaishozi, labda mbali zaidi. Lakini katikiro alikuwa amesimama anapiga makofi. Akasema tangu azaliwe hajaona watu wengi wakienda kama mtu mmoja. Mkaguzi alikuwa anaandika kwa haraka, na akamuuliza Mzee Kajuna mazoezi hayo yametoka wapi.

Mzee Kajuna, mtu wa sala, hakupepesa macho. "Ni ya pwani, bwana. Kwao mwalimu."

Kwa hiyo michezo ya alasiri imebaki, na majembe yamerudi stoo. Mkaguzi ameagiza mchezo wote, toka mwanzo mpaka mwisho, uonyeshwe tena Nyaishozi mwezi ujao mbele ya wakubwa wote, na niongoze mimi. Kichwa changu kimekwisha kusahau ulikuwaje, ila Tibaijuka anaukumbuka hatua kwa hatua na jioni hii anawafundisha waliokuwa wagonjwa.

Sasa naomba mwenye samli anipe kidogo ya kujipaka, nimevimba na siwezi kuketi. Asiye nayo, tafadhali ageuke ukutani acheke akiwa huko.