Siku Kituo Kilipokosa Mgonjwa

Jumatatu, 4 Machi

Barua imefika. Kamati ya chuo itatembelea kituo chetu cha afya Ijumaa saa tatu asubuhi. Ikikuta wanafunzi wanasubiri zaidi ya nusu saa, kituo kinafungwa, wagonjwa watakwenda hospitali ya mjini. Mjini! Mabasi mawili! Na yule binti mwenye pumu hapandi hata ngazi za maktaba bila kupumzika. Nimekiongoza kituo hiki miaka kumi na mmoja. Kila ufa wa dari naujua. Hakifungwi nikiwa hai.

Sista, muuguzi wetu pekee, alisema dawa yake ni muuguzi wa pili. Nikamwambia muuguzi hapatikani kwa siku nne, kinachotakiwa hapa ni akili. Akanitazama vile anavyomtazama mtu anayekimbia sindano.

Jumanne, 5 Machi

Nimepima. Mtu anasubiri saa moja na dakika ishirini. Lakini kusubiri ni nini hasa? Ni kukaa kwenye benchi. Pasipo benchi, hasubiri mtu! Kufikia saa nne mabenchi yote yalikuwa nyuma ya jengo.

Wapi! Wakakaa sakafuni. Mmoja aliyeteguka mguu akakaa juu ya meza yangu, juu ya barua ya kamati, akaniomba radhi kwa adabu kabisa. Sista akatoka, akaamuru mabenchi yarudi. Nikayarudisha mwenyewe. Mgongo wangu, jamani.

Jumatano, 6 Machi

Mama Magodoro amekuja. Ni mlezi wa mabweni. Jina nimempa mimi, maana tangu mwaka juzi analitaka jengo letu liwe stoo ya magodoro. Akatoa futi, akapima chumba cha sindano mbele ya macho yangu, akasema humu yataingia mia mbili. Nikamwambia apime na mdomo wake. Hapana, sikumwambia. Nilimkaribisha chai. Lakini niliwaza kwa nguvu.

Nyumbani mama watoto akauliza kwa nini nisiieleze kamati ukweli, kwamba Sista yuko peke yake na wagonjwa ni sitini kwa siku. Nikamjibu kwamba mambo ya utawala hayaendi hivyo. Akasema haya, akaendelea kukunja nguo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! Tatizo ni wagonjwa. Nimebandika tangazo kila bweni, kantini na maktaba: Ijumaa tutapokea mahututi tu, wengine waje Jumatatu. Kwa kalamu nyekundu. Foleni ya watu sifuri, kusubiri dakika sifuri. Sista sikumwambia. Angekuwa na maoni.

Ijumaa, 8 Machi

Loo! Sakafu inang'aa, mabenchi matupu. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja wa miwani, akatazama kulia, akatazama kushoto, akauliza wagonjwa wako wapi. Nikajibu kwa fahari kwamba hakuna. Mama Magodoro, aliyewafuata bila kualikwa, akasema basi kituo cha nini, wanafunzi wote wazima. Mwenyekiti akaandika. Akaandika tena.

Nikaomba dakika tano, nikatimua mbio hadi maktaba. Nikawasihi, wanangu, njooni mkohoe, kituo kinakufa! Wakaja ishirini na wawili, Mungu awabariki. Wakakohoa wote kwa pamoja kama kwaya. Mwenyekiti akamuuliza mmoja anaumwa nini. Akajibu bado hajaambiwa.

Uso ukanishuka. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Sista hakucheka wala hakufoka. Akamwita wa kwanza, akampima. Mzima. Wa pili mzima, akaambiwa anywe maji. Wa tatu ni yule mchekeshaji wa uhandisi, anayewavunja wenzake mbavu. Homa thelathini na tisa na nusu! Anayo siku tatu. Alisoma tangazo langu, akaona yeye si mahututi. Wa sita, binti mkimya, aliulizwa tu kama analala vizuri, akaangua kilio. Sista akafunga mlango, akakaa naye dakika arobaini. Waliobaki wakangoja, hakuondoka mtu. Kamati nayo ikangoja, imebanana kwenye benchi moja.

Sista alipotoka, mwenyekiti akamuuliza nani yuko naye zamu. Hakuna. Tangu lini? Miaka sita. Mwenyekiti akavua miwani. Akasema watu wamekuja kuigiza ugonjwa, wamekutwa wanaumwa kweli, na mahali kama hapo hapafungwi. Muuguzi wa pili anaanza mwezi ujao. Kisha akanigeukia: yale matangazo niyabandue kwa mikono yangu mwenyewe.

Nimeyabandua yote. Kwenye bweni la yule wa homa nilisimama, machozi yakanitoka. Angebaki na homa yake kwa sababu yangu. Nilijiona mtu wa hovyo kabisa. Sista akanikuta hapo. Akanipa kitambaa, akashika upande wa pili wa karatasi, tukabandua pamoja.

Jumatatu, 11 Machi

Mchekeshaji amepona, tayari anamwigiza mwenyekiti. Binti mkimya amerudi, safari hii kwa hiari yake. Sista anaimba akichoma sindano. Nampenda sana yule mama, ila simwambii, atazidisha maoni.

Wikendi nzima nimewaza ni nini hasa kilichookoa kituo. Sasa naelewa. Ni kukohoa. Kilichokosekana ni mazoezi tu! Kamati itarudi Septemba. Nimeshaandikisha wanafunzi sitini, kila Jumatatu saa kumi: kundi la kwanza kikohozi, la pili kuchechemea, la tatu kuzimia. Leo tumeanza. Mmoja wa sheria alizimia vizuri mno, hata mimi nikapiga yowe.

Sista akaja mbio. Akamwinua yule, akaniketisha mimi, akanitia kipimajoto kwapani. Akasema sina homa. Nikamshukuru kwa kunikumbusha. Homa bado sijaipangia kundi.