Video Yangu ya Mzee Okullo

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimejiunga na darasa la video, bure, ukumbini hapa Katwe, Kampala. Mwalimu Lailah anataka kila mmoja atengeneze video fupi kuhusu wasanii wa mtaa wetu, na iwe ya binafsi. Nikauliza, kama ni ya binafsi, mbona watu waonyeshwe? Darasa zima likacheka. Sikuelewa kichekesho kilikuwa wapi. Video bora itafungua tamasha la mtaa Jumamosi ya wiki ijayo. Hilo nimelielewa. Mimi, Wanyama, nauza makava ya simu, kwa hiyo kamera nazijua.
Tatizo ni Akoth, naye yumo darasani. Mkenya mwenzangu, anashona nguo za wachezaji ngoma pale soko la Owino. Anajuana na kila msanii.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimepata msanii wangu. Mzee Okullo, jirani, mwanajeshi mstaafu. Anapiga adungu, kile kinubi cha Kiacholi. Vidole vimeanza kukakamaa, na Ijumaa binti yake Ayot anamrudisha kwao Kitgum, kaskazini, moja kwa moja. Wimbo wake hajawahi kuurekodi mtu. Nitamrekodi Alhamisi, sikukuu ya Uhuru, maana mafundi vyuma hawatagonga.
Jioni Akoth akauliza kama mzee yupo. Nikamwambia anaumwa sana, hata wageni hataki. Kazi safi.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimemwonyesha Mwalimu Lailah video ya majaribio: mimi na mchora vibao. Akauliza mchoraji yuko wapi. Nikamjibu yuko nyuma ya kichwa changu. Akashauri nijitoe kidogo. Sasa video ya binafsi nitajitoaje? Niingie au nitoke? Nimelala mapema, kichwa kinagonga.

Alhamisi, 9 Oktoba
Akoth amekuja kwa mzee na sufuria ya uji na akina mama sita wa kanisa lake, kumwombea mgonjwa. Mzee akatoka amepiga pasi shati, amenyoa ndevu. Akauliza nani mgonjwa. Akoth akaniangalia. Mimi nikaangalia mbuzi wa jirani.
Mzee hakukasirika. Alidhani ni watazamaji. Akafurahi mpaka akawatolea mkeka mwenyewe.
“Nyinyi yote nakuja sikiliza mimi?” akasema. “Keti, keti.”
Wakawasha jiko kupasha uji. Moshi wote kwangu. Nikasimamisha simu juu ya ndoo, katikati yangu na mzee, nikapunguza mwanga wa kioo ili chaji isiishe. Jua lilikuwa kali. Kwenye kioo niliona uso wangu tu, nikajua kinaakisi.
Mzee akapiga. Kiacholi sijui hata neno. Alikuwa anaimba mstari mmoja, kisha ananyamaza, vidole vinaendelea, kama mtu anayengoja kujibiwa. Hakuna aliyejibu. Anaimba tena, anangoja tena. Nikageuka kutafuta nani amekosa zamu yake. Baadaye nikamwuliza Ayot. Akasema hapo ndipo mama yake, marehemu Lamwaka, alipokuwa akiitikia, na baba amekataa kupajaza.
Macho yangu yalichuruzika muda wote. Ule moshi haukuwa wa kawaida.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mzee ameondoka asubuhi. Adungu aliipakata kama mtoto mchanga. Akanishika mkono muda mrefu, akasema, “Sasa wimbo yangu iko kwako. Chunga yeye.” Nikaahidi.
Nikarudi ndani, nikafungua video.
Mimi. Mwanzo hadi mwisho, mimi tu! Kamera ilikuwa ya upande wangu. Mzee hayumo, hata kidole. Anasikika vizuri, nota kwa nota, lakini kinachoonekana ni uso wangu ukibadilika. Pale anaponyamaza naonekana kama mtu aliyepotea njia ndani ya nyumba yake. Kisha nalia. Yaani moshi.
Nimewaza kuifuta. Nimewaza kumfuata mzee Kitgum. Nimewaza kumweka mchora vibao ajifanye mzee, ila yeye hana hata mvi.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimempa Mwalimu Lailah faili na kumwambia ina virusi, ni hatari kuifungua. Ameifungua.

Jumamosi, 18 Oktoba
Nimekaa karibu na mlango, tayari kukimbia. Video yangu ikawa ya kwanza. Uso wangu ukajaa ukuta mzima. Watu wawili watatu wakacheka. Halafu mzee akaanza kuimba, wakaacha. Alipofika pale anapongoja, watu wakageuka kutazamana. Nyuma kabisa mama mmoja, mke wa polisi kutoka kaskazini, akaitikia. Taratibu, kwa Kiacholi. Kila mzee aliponyamaza, yeye akajibu, mpaka mwisho, watu wakipangusa machozi. Sijui alijuaje maneno. Sijui kwa nini nilisimama.
Ayot alikuwa kwenye simu na Mwalimu Lailah, kutoka Kitgum, mzee pembeni yake, wanasikia yote. Mzee aliomba arudishiwe mwanzo.
Nikangoja Akoth anitukane. Akasema tu, “Wanyama, leo ndiyo mara ya kwanza nakuona umesikiliza mtu.” Akaondoka kabla sijamwuliza ni sifa au ni nini.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimetafakari toka asubuhi na sasa nimepata jibu. Watu hawakulia kwa sababu ya adungu. Adungu wameisikia maisha yao yote. Walilia kwa sababu ya uso wangu. Kipaji hiki kilikuwa kinapotea bure kwenye makava ya simu!
Joska wa duka la jirani amesikia habari zangu na kuniomba nipige video ya harusi yake Jumamosi ijayo. Amesisitiza gauni lionekane lote, pamoja na bwana harusi. Nimemwambia asijali. Nimeshanunua mafuta ya uso.