Ombi la Kumpandisha Cheo Dkt. Khavere ili Atuondokee

Dandora, Awamu ya Pili,
Nairobi.
8 Juni 1984

Kwa Mkuu wa Idara ya Famasia,
Chuo Kikuu.

Mheshimiwa Mkuu wa Idara,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita, na kwa miaka hiyo yote mimi ndiye niliyetunza sanduku la huduma ya kwanza. Kwa hiyo ninapoandika juu ya dawa, siandiki kama mtu wa pembeni.

Ninamlalamikia mhadhiri wako, Dkt. Phelister Khavere, mkazi wa mtaa wetu. Asubuhi hufanya kazi katika wodi za hospitali, alasiri hufundisha chuoni kwako, na Jumamosi, badala ya kupumzika kama wasomi wenzake, hutushughulikia sisi.

1. Anaitwa daktari, lakini hadungi sindano. Jirani yangu Mulama, fundi wa magari, alimwendea akiwa na kikohozi, akitarajia angalau vidonge vya rangi mbili. Alipewa maswali. Anakohoa tangu lini? Amekwisha kumeza nini, na ni nani aliyempa? Mulama alirudi mikono mitupu akaniambia, "Mwalimu, yule mama ni polisi." Alikuwa ameagizwa aende akapimwe kifua. Nilimpa vidonge viwili nilivyokuwa navyo, akashukuru. Kisha akaenda kupimwa hata hivyo, jambo ambalo nililiona kuwa utovu wa adabu.

2. Hawaachii madaktari kazi yao. Muuguzi mmoja ninayesali naye amenieleza kwamba madaktari wanapopita kitanda hadi kitanda, Dkt. Khavere hufuatana nao akiwa na daftari. Daktari akiandika dozi, yeye husema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba figo za mgonjwa huyu haziwezi kuimudu. Daktari hukata alichoandika na kuandika upya. Sasa, Mheshimiwa, ikiwa daktari husahihishwa mbele ya mgonjwa, mgonjwa atamwamini nani? Leo daktari, kesho mchungaji, keshokutwa mwalimu mstaafu. Na keshokutwa hiyo ilifika, kama utakavyoona.

3. Wanafunzi wake. Jumamosi ya tarehe 12 Mei aliwaleta tisa, wote wamevaa makoti meupe, wakapita nyumba kwa nyumba wakiomba kila mtu atoe dawa zote zilizomo ndani. Mmoja alinisalimu, "Sasa, mzee." Shikamoo hakuijua. Mke wangu Teresiah, bila kushauriana nami, aliwatolea mkebe wangu wa biskuti, ambao kwa miaka mingi umewahudumia majirani wa ploti nne bila lalamiko. Waliumwaga juu ya gazeti. Walihesabu aina thelathini na saba za vidonge, kumi na moja kati yake zisizojulikana, pamoja na kifungo kimoja cha shati. Nilieleza kwamba kifungo hicho hakijawahi kupewa mgonjwa yeyote. Waliyaandika maelezo yangu.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mke wangu ana presha. Zahanati ya hapa mtaani ilimpa vidonge, na hospitali kubwa ikampa vingine. Mimi, kwa mkono wangu, nilimpa vyote kila siku saa moja asubuhi, na sijawahi kuchelewa hata dakika. Tangu Krismasi akawa anapata kizunguzungu. Alianguka mara mbili kwenye mfereji tunapochotea maji, na mara ya pili alipasuka paji la uso. Nililaumu utelezi, nikamwaga kokoto pale.

Dkt. Khavere aliziweka chupa zote mbili za vidonge hivyo mezani pangu, akasoma maandishi yake, kisha akasema, "Mwalimu, hii na hii ni dawa ileile. Majina tu ndiyo mawili. Mama anakunywa dozi ya watu wawili." Akaondoka na chupa moja, akaiandikia zahanati barua. Hakunilaumu mbele ya wanafunzi, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa maana mtu akikulaumu unaweza kumjibu. Tangu siku hiyo mke wangu husoma maandishi ya chupa kabla ya kupokea chochote mkononi mwangu. Tumeoana miaka thelathini na minne.

Nilifikiri kwanza kuomba afukuzwe kazi. Lakini mtu akifukuzwa hurudi nyumbani, na nyumbani kwake ni hapa. Ninaomba basi apandishwe cheo awe profesa mara moja. Apewe ofisi, kamati sita, safari za ng'ambo, na mikutano ya kila Jumamosi. Nimewaona wasomi waliopandishwa. Hawakutani tena na mgonjwa. Nao wanafunzi wafundishwe dawa kutoka vitabuni, ndani ya kuta, mahali ambapo hakuna mtu anayeumwa.

Nisalimie wahadhiri wote, makarani wa idara, na wazazi wa wale wanafunzi tisa, hata wa yule asiyejua kuamkia.

Wako katika kutetea utaratibu,
Mwl. Ezra Kinyanjui

Baada ya sahihi: Nimemsomea mke wangu barua hii. Nilipomaliza aliinuka. Alichukua ndoo akaenda mferejini, nami nikamtazama kutoka mlangoni. Alikwenda wima, akarudi nayo imejaa, wala hakushika ukuta. Hii ni wiki ya nne hajaanguka. Kwa hiyo cheo kile usimpe, na kama umekwisha kumpa, mwachie Jumamosi zake, kwa maana kesho anakuja kumpima Teresiah. Barua ninaituma hata hivyo. Wasomee wanafunzi, wa mwaka huu na wa miaka ijayo, hasa sehemu ya nne, wajue kwamba mtu anaweza kumdhuru mkewe kila siku saa moja asubuhi, bila kuchelewa, akidhani anamtunza. Jina langu usilifute.