Mapafu Yangu Ndani ya Fremu

Jumatatu, tarehe 4

Leo pumzi imenipotea. Sikuwa nakimbia, sikuwa napanda ngazi. Nilikuwa nimesimama dukani kwangu, duka la fremu na vioo, nakata kioo cha bafuni cha mteja. Mkono umetulia tuli. Mara kifua kikafunga mlango! Navuta hewa, inafika kooni, inarudi. Navuta tena, inaingia nusu, kama mgeni anayechungulia na kusema atapita baadaye. Nikapiga miayo mpaka taya likalia. Kioo kikakatika mkato wa nyoka.

Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza ametoka. Alipita kunikumbusha kwamba ukumbi wa harusi umepatikana, na kwamba Jumamosi ya wiki ijayo nitatoa hotuba ya baba wa bibi harusi. Naliandika hili ili shajara iwe kamili. Halihusiani.

Chanzo nimekijua papo hapo: vumbi la vioo! Nikajifunga mtandio wa mke wangu puani, ukabaki mwanya wa macho tu. Mteja aliyefuata akaingia, akaniona nimeshika kisu cha kukatia kioo, akainua mikono na kuniomba nichukue saa nimwachie simu. Nikataka kumweleza. Hakungoja maelezo.

Jumatano, tarehe 6

Vumbi limeachiwa huru kwa kukosa ushahidi. Jana pumzi ilinibana nikiwa sebuleni, nimekaa kitini kama bwana, mke wangu na binti wakipanga nguo za binti kwenye sanduku. Hakuna kioo hata kimoja kinachokatwa. Basi ni mito! Manyoya ya mito! Asubuhi nimeitoa yote uani, nikaitandika kwa fimbo. Mke wangu akatoka, akatazama, akauliza kama kuna uliokwisha kukiri.

Jioni akaja shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Mtaa mzima unamwita Kipaza, na si kwa sababu anauza vipaza sauti. Aliwahi kuwa wakala wa bima. Anasema mpaka walio kaburini wanataka kukata bima. Nikiri jambo moja: humtazama kwa mshangao. Leo alianza sentensi nikimimina chai, akaimaliza nikiosha kikombe, katikati hakupumua. Hewa yote ile anaiweka wapi?

Akaniona ninavyohema. Akanyamaza, jambo ambalo peke yake lilinitisha. Kisha akasema kwa upole kwamba mtu mwenye hali kama yangu asijitese. Yeye ni mjomba wa bibi harusi. Hotuba anayo tayari, ameshaiandika, ina sehemu nne.

Ameshaiandika! Kikulacho ki nguoni mwako. Sasa naona yote. Yale marashi anayojimwagia! Kila akija, hewa ya nyumba hii inakwisha. Ananikaba kwa harufu ili apate kipaza sauti siku ya harusi. Mpango: akija tena, madirisha wazi, na mimi nikae upande unakotoka upepo.

Ijumaa, tarehe 8

Mke wangu amenipeleka hospitali. Niliposema ni marashi ya kaka yake, alivaa viatu kimya kimya. Njiani akasema maneno manne tu: mficha maradhi kifo humuumbua. Sikubisha. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilijiona nimelala ndani ya jeneza na Kipaza anatoa hotuba, sehemu nne.

Daktari ni mwanamke kijana, mwenye sauti ya mtu asiye na haraka. Hakunicheka. Alinibana kidole kwa kibanio chenye taa nyekundu. Akanipulizisha bomba. Akanisikiliza mgongo. Akanichoma sindano ya damu. Kisha nikapelekwa kupigwa picha ya kifua, nikaambiwa vuta pumzi, ishike. Nikaivuta nusu iliyopatikana, nikaishika kama mtu aliyeokota kitu cha thamani.

Sasa niandike vizuri.

Daktari aliibandika ile picha kwenye taa ya ukutani. Nikaisogelea. Mimi, ambaye maisha yangu yote ni kutia picha za watu ndani ya fremu! Maharusi, mahafali, watoto wachanga, marehemu. Picha kama ile sijapata kuiona. Mbavu zimepangwa kama ngazi iliyochongwa na fundi asiyekosea kipimo. Na pande mbili, mapafu: meusi, makubwa, yametanda kama mbawa za ndege anayetaka kuruka. Ndani yake vijitawi vyembamba, vyembamba zaidi, mpaka jicho linashindwa. Katikati moyo, umeegemea kushoto kama mzee aliyepumzika. Nikauliza ni ya nani. Daktari akasema, “Ni yako, Baba.”

Yangu! Nimetembea na kitu hiki ndani ya shati miaka yote, nimekifungia vifungo, sikujua. Na kinafanya kazi bila kutumwa. Nikila, kinapumua. Nikigombana na mteja, kinapumua. Hakijawahi kuomba likizo. Machozi yalinitoka. Mke wangu akanipa leso, naye alikuwa anaitazama ile picha mdomo wazi.

Kisha daktari akaharibu kila kitu. Akasema mapafu ni mazima. Moyo mzima, damu nzima, hewa ya kutosha imo, tena inazidi. Akauliza hali hii ilianza lini. Mke wangu, bila kuulizwa yeye, akasema ilianza polepole tangu siku wakwe zetu walipokuja kupanga siku ya harusi. Daktari akaitikia kwa kichwa taratibu. Akasema huenda ni wasiwasi. Mtu akiwa na hofu huvuta hewa juu juu, huvuta kabla hajaitoa ya kwanza, kifua kinajaa, naye anadhani hakina kitu. Akasema si kwamba najifanya. Kubanwa ni kwa kweli, ila mlango haujafungwa. Nikipata maumivu ya kifua, au kuzimia, nirudi upesi. Vinginevyo niweke mkono tumboni, nitoe pumzi polepole, ndefu kuliko ninavyoivuta.

Wasiwasi! Mimi! Mtu ninayebeba kioo kirefu kuliko mlango katikati ya barabara! Nilimwambia kwa heshima kwamba katika ukoo wetu hatuna kitu hicho. Akasema sawa, nifanye tu lile zoezi.

Zoezi la kushika tumbo ni mchezo wa watoto wadogo. Sitalifanya. Lakini picha nimeomba, na nimepewa.

Jumamosi, tarehe 9

Nimeitia fremu! Mbao nyeusi, kioo kisichong'aa, taa ndogo kwa nyuma. Nimeitundika dukani mahali pa heshima, juu ya kaunta. Watu wanasimama mlangoni. Mama mmoja akavua viatu. Mzee mmoja akakaa kitini akaitazama muda mrefu, kisha akaweka kiganja chake kifuani, akasikiliza, akaondoka bila kusema alichofuata. Hata mimi kila nikiinua macho nashtuka upya.

Kipaza akapita. Akaitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakosa la kusema. Nikahesabu huo kuwa ushindi. Baadaye akarudi kuuliza kama ni kweli kwamba ni mazima, maana kwa mapafu mazima mbona nahema? Nikasema nayapumzisha.

Jumatatu, tarehe 11

Mpango mkubwa. Ikiwa mapafu ni mazima, basi kinachokosekana ni mazoezi. Nitaifunza pumzi utii kabla ya Jumamosi. Nimejaza beseni maji uani, nikatumbukiza uso, nikaamua kukaa humo kuliko mwanadamu yeyote.

Kumbe Kipaza alikuwa amefika, amesimama mlangoni anatazama. Akasema hata yeye anaweza. Nikasema hawezi. Mke wangu akasema tuna akili za mabeseni yenyewe. Likaletwa la pili. Wanaume wawili wenye mvi, nyuso majini, makalio juu. Nikasikia kwa mbali mke wangu anawaambia majirani wapite tu, hakuna msiba.

Nikatoka wa kwanza. Naliandika kwa sababu hii ni shajara ya ukweli: maji ya beseni langu yalikuwa ya baridi zaidi.

Alhamisi, tarehe 14

Sijui nianzie wapi.

Mchana nimerudi nyumbani kuchukua tepu ya kupimia. Nikapita chumba cha binti yangu. Mlango wazi. Kitanda kimetolewa shuka. Rafu tupu. Ukutani, pale palipokuwa na picha zake, imebaki misumari na vipande vya rangi vilivyo safi kuliko ukuta wote. Fremu zile nilizitengeneza mimi. Sanduku limefungwa.

Hapo pumzi ikaondoka kabisa. Si nusu, si robo. Vidole vikafa ganzi, midomo ikawasha, masikio yakavuma. Nikakaa sakafuni. Nikasema moyoni, basi, ndiyo leo.

Binti yangu akanikuta. Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni mbele yangu, akachukua mkono wangu akauweka juu ya tumbo langu, akaweka wake juu yake. Akasema, “Baba, usivute. Toa. Toa yote, kama unazima mshumaa ulio mbali.” Nikatoa. Akasema, “Tena, polepole.” Akawa anatoa pamoja nami. Kumbe mama yake alimfundisha zoezi la daktari! Kumbe nyumba nzima inalifanya isipokuwa mimi!

Nikatoa, nikatoa. Na ndani ya kutoa, bila kuiomba, hewa ikaingia yenyewe. Mpaka chini kabisa. Kama mlango haukuwahi kufungwa. Niliduwaa. Nilikuwa nayo muda wote.

Tukakaa pale, anapumua, napumua. Nikamtazama bega lake likipanda na kushuka. Nikakumbuka kitu ambacho sijamwambia mtu. Alipozaliwa hakulia. Mkunga alimshika, akamsugua mgongo, akampulizia, na chumba kizima kilikuwa kimya. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, sikupumua. Nilisema kimoyomoyo kwamba sitapumua mpaka apumue. Ndipo akalia. Sijapata kusikia sauti nzuri kama ile, na wala haikuwa nzuri, ilikuwa kama ya bawaba isiyotiwa mafuta.

Nikamwambia. Akasema, “Baba, nahamia ng'ambo ya soko. Ukisimama juu ya paa la duka lako utaniona naanika nguo.” Nikasema najua. Akasema, “Na bado napumua.” Nikasema naona.

Jumamosi, tarehe 16

Harusi imefanyika. Naandika kabla jambo lolote halijafutika.

Nilipoitwa kuhutubia, Kipaza alikuwa ameshanyoosha tai, karatasi zake mkononi, sehemu zote nne. Nikasimama. Hotuba yangu niliisahau neno la kwanza hadi la mwisho, na pumzi, kama kawaida, ikaaga.

Nikaweka mkono tumboni mbele ya watu wote. Nikatoa hewa. Ndefu. Kipaza sauti kikainasa, ukumbi mzima ukaisikia, kama upepo uliopita juu ya mabati. Hakuna aliyecheka. Nikainua macho. Nikaona jambo ambalo Mungu ananishuhudia sikulipanga: vifua vyote vile vinapanda, vinashuka. Wakwe, wapishi, majirani, watoto waliolala mapajani. Mbawa mbili mbili ndani ya kila shati na kila gauni, na hakuna anayeziamrisha! Nilitaka kupiga magoti.

Nikasema, “Mwanangu, ulipokuja duniani ulichelewa kupumua, nikakungoja. Leo mimi ndiye niliyechelewa, na nyinyi mmeningoja. Asanteni. Nenda mama, upumue vizuri huko uendako.” Nikakaa. Ndiyo hotuba yote.

Binti yangu akaja akaniinamia shingoni. Mke wangu akanishika mkono chini ya meza na hakuuachia mpaka keki ilipokatwa.

Akaitwa Kipaza. Akasimama, akafungua karatasi, akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alikuwa analia kwa kwikwi kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Nikaenda kumshika. Nikamwambia, “Toa, shem, toa polepole.” Akatoa. Tukarudi mezani tumeshikana mabega. Marashi yake, kwa kweli, si mabaya.

Nimeelewa sasa. Daktari alisema kweli. Hofu inaweza kukaa kifuani na kujiita ugonjwa. Mtu mzima nimekubali, na sitasahau.

Jumanne, tarehe 19

Pumzi safi kama maji ya mtungi. Hilo limekwisha.

Ila tangu asubuhi kope ya jicho la kushoto inacheza. Inaruka, inatulia, inaruka. Ilianza wakati mke wangu anasema kwamba kesho anakwenda kwa binti, akamsaidie kupanga nyumba, na atakaa huko wiki nzima, na chakula nitajipikia. Naandika hili ili shajara iwe kamili. Halihusiani.

Chanzo nimekijua: kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Ameweka kioo kipya mlangoni, na hakukinunua kwangu! Mwanga wake unanipiga jichoni tangu saa tatu. Ni makusudi. Mpango: nimebandika gazeti kwenye dirisha la duka upande wote wa kushoto, na nimevaa miwani ya jua ndani. Vioo viwili vimeshavunjika.

Mke wangu anasema niende kwa daktari yule yule. Nitakwenda kwa mwingine, wa macho. Yule wa kwanza ni bingwa, sikatai, lakini ataniambia ni wasiwasi, na wasiwasi mimi nilishapona.