Kola ya Paka Jaji

Asubuhi ya Alhamisi, mara tu mke wake alipokwenda kumuuguza mama yake mzazi, Sharubati alitoka nyumbani akiwa na silaha mbili: suruali iliyonyooka na ulimi. Suruali ilikuwa ya kuazima. Ulimi ulikuwa wake mwenyewe, na ndio uliompatia jina, maana maneno yake yalikuwa matamu na ukiyachuja hubaki maji.

Alisimama kivulini mbele ya kibanda cha sonara, akiwapitia wapita njia kwa macho kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Huyu mkavu, yule mjanja, yule tayari ameshatapeliwa na mwingine. Ndipo alipoinua kichwa akamwona paka.

Paka huyo alikuwa ameketi kwenye roshani ya ghorofa ya mkabala, mweupe, mnene, manyoya yakimfunika hata miguu. Aliutazama mtaa kana kwamba wote waliomo wana kesi. Shingoni alivaa kola ya dhahabu pana kama kidole gumba.

"Anaitwa Jaji," alisema sonara bila kuacha kazi yake. "Kola ile ni dhahabu tupu. Mwenye paka ni mama mmoja mjane, na wiki yote anahangaika kutafuta fundi wa kumwosha na kumchana."

Mwenye busara angejiuliza kwa nini sonara anamwaga siri za jirani mbele ya mtu asiyemjua. Lakini busara na tamaa hazilali kitanda kimoja. Sharubati aliuliza swali moja tu: je, sonara anaweza kutengeneza kola ya shaba, iliyopakwa rangi, isiyotofautiana na ile hata kidogo? Sonara akasema anaweza, tena kwa siku moja, ila apewe rehani ya kitu cha fedha.

Kitu cha fedha kilikuwepo. Mke wake alikuwa na bangili sita alizorithi kwa bibi yake, zilizofungwa kwenye kitambaa ndani ya kisanduku. Mke huyo alikuwa ameshamsamehe mumewe kwa kuuza pasi, cherehani na mlango wa jikoni. Baada ya mlango alimwambia kwa sauti ya chini, "Siku kitu changu kingine kikitoka humu ndani, na mimi nitakifuata." Sharubati alikuwa ametapeli nusu ya mji, lakini alimpenda mke wake kwa dhati, na kauli ile ilimtia hofu kuliko pingu. Alipiga hesabu: mke anarudi Jumamosi jioni, na dhahabu itakuwa imeuzwa Jumamosi mchana. Akazichukua bangili.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Kila anayeosha wanyama huwavua kola kwanza. Angevua ya dhahabu, amwoshe paka, kisha amvishe ya shaba. Paka hawezi kutoa ushahidi.

Jumamosi asubuhi alibisha hodi akiwa na koti jeupe na mkoba wa brashi. Alijitambulisha kuwa ni mtaalamu wa urembo wa mbwa na paka, aliyesomea ng'ambo.

"Ng'ambo ipi, mwanangu?" aliuliza mjane.

"Ng'ambo ya mbali, mama."

Mjane akaridhika, akamwonyesha karai, maji ya uvuguvugu na Jaji. Sharubati hakuwa amewahi kuosha hata kikombe alichonywea, lakini alijua kwamba fundi bandia hukamatwa kwa kazi mbovu. Akakumbuka jinsi mke wake anavyochana nywele, akaanzia nchani kwenda juu, fundo moja baada ya jingine. Jaji alimchora mikono yote miwili kwa kucha. Akajikaza kisabuni. Alimsugua tumbo, makwapa na katikati ya vidole, akamkausha kwa taulo tatu, akamkata kucha kwa pumzi iliyosimama. Mwisho akamvisha kola, na bila shaka mnajua ni ipi. Mjane alipofungua pochi, Sharubati aliinua mkono kwa heshima akasema huduma ya kwanza ni zawadi.

Mnunuzi wa dhahabu alikuwa upande wa pili wa mji. Aliisugua ile kola kwenye jiwe, akaidondoshea dawa, akaguna.

"Shaba. Huku juu ni rangi."

Sharubati akaomba aangalie tena, kwa sababu hiyo haiwezekani.

"Sina haja ya kuangalia tena, ndugu yangu. Hii ni ya tatu mwaka huu, na zote zinakuja na nywele nyeupe hizihizi."

Alikimbia mpaka kwa sonara, akakuta kibanda kimefungwa. Akainua macho kwenye ile roshani. Sonara alikuwa amekaa kando ya mjane, amevaa ndala, anakunywa chai. Mezani, katikati ya birika na sukari, zilikuwepo bangili sita.

"Panda tu, mwanangu," mjane alimwita. "Huyu ni mdogo wangu. Ndiye anayenitafutia mafundi."

Sharubati alipanda ngazi akitweta na kutishia kwenda polisi. Mjane akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkaribisha aende. "Ila ukifika, usisahau kuwaeleza hiyo kola uliyoishika uliipataje."

Hapo Sharubati akaificha kola mfukoni, akavuta kiti.

"Mimi nina biashara ya kuosha mbwa na paka, na mafundi hawanidumu," mjane aliendelea, akimmiminia chai. "Wa kuajiriwa anaosha mgongo anaacha tumbo. Mwizi anaosha mpaka katikati ya vidole, maana anaogopa kushtukiwa. Wewe umewazidi wote walionijia. Sijawahi kumwona Jaji akipendeza namna hii."

Akazichukua bangili, akashuka naye chini na kufungua mlango wa uani. Mbwa tisa na paka wanne walikuwa wakisubiri kwenye foleni, wamiliki wao wakiwa wameketi kwenye mabenchi.

"Maliza hao, bangili zako hizi hapa."

Alimaliza. Nusura mbwa mmoja mwenye nywele ndefu za kahawia amzamishe ndani ya karai, na paka wa mwisho alimng'ata sikio, lakini alimaliza. Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipoingia nyumbani mbio na kuzirudisha bangili kisandukuni. Kifuniko hakijatulia, mke wake akaingia.

Alimkumbatia mumewe. Halafu akarudi nyuma hatua moja. Kutoka kwenye shati la Sharubati alivuta unywele wa kahawia, laini, mrefu kama kiganja, unaonukia sabuni ya maua. Akavuta mwingine, mweusi. Akavuta wa tatu, mweupe.

"Wako wangapi?" aliuliza.

"Kumi na wanne," alijibu Sharubati kwa uchovu, kabla hajafikiri. "Mbwa na paka, mke wangu. Nimewaosha. Nilikuwa kazini."

Mwanamke huyu alikuwa ameamini habari za urithi uliokwama benki. Alikuwa ameamini kwamba mlango wa jikoni umepelekwa kupimwa. Sasa mumewe alikuwa amesema kweli tupu kwa mara ya kwanza tangu harusi, naye akaanza kufunga nguo zake. Sharubati aliapa, akaonyesha mikwaruzo, akaonyesha sikio. Alilia machozi ambayo hakuyapanga. Mwishowe mke akaacha kufunga mzigo na kusema Jumatatu watakwenda wote wawili, akaione hiyo kazi kwa macho yake.

Jumatatu mke alipewa kigoda uani, akakaa amekunja mikono kifuani. Kwa mbwa wa kwanza, alimtazama mumewe kwa shaka. Kwa wa pili, alisogeza kigoda karibu. Alipofika wa tatu, Sharubati akiwa amepiga magoti anachana masikio taratibu, akianzia nchani kwenda juu, mke wake alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Miaka kumi na moja alikuwa akiomba aone jambo hili.

Mjane akaja na chai, akauliza kwa upole fundi atakuwa anakuja siku ngapi kwa wiki.

Sharubati akafungua kinywa. Alikuwa na sababu saba nzuri tayari, na ya mgongo ilikuwa ndiyo bora kuliko zote.

"Sita, mama," mke wake akajibu. "Na mshahara nitakuwa nachukua mimi."