Hema la Harusi Halishuki

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeamua na nimetangaza. Binti yangu ataolewa Jumamosi, na sherehe itafanyika chini ya hema langu, kwenye uwanja mbele ya nyumba. Si kwingine.

Miaka kumi na tisa nimekodisha hema hili kwa harusi za watu. Nimefunika mabinti wa watu ambao hata majina yao siyajui. Sasa wangu ndiye akasherehekewe ndani ya ghala la mbao?

Maana hilo ndilo wazo la shemeji, kaka wa mke wangu, muuza mbao. Amekuja asubuhi akiwa tayari na koti la mvua, ingawa jua lilikuwa linawaka. Kasema redio imetangaza mvua kubwa na upepo mkali wiki nzima. Kasema ghala lake liko hapo ng'ambo ya barabara, atahamisha mbao zote, atafagia, ataweka taa. Kasema yote hayo kwa upole. Upole wake ndio unaonichosha.

Nikamjibu redio hutia chumvi. Akauliza kama na siku ile ya mahafali ilitia chumvi. Imepita miaka kumi na miwili tangu hema langu liondoke uwanja wa shule likatue juu ya paa la duka lake, na bado anasimulia kana kwamba ni jambo la juzi.

Mke wangu akaniambia nimshukuru kaka yake. Nimemshukuru. Kwa mdomo tu.

Jumanne, 8 Aprili

Tumelisimamisha. Siku nne kabla, ndiyo. Msaidizi wangu, ambaye watu humwita Sajini kwa sababu ya sauti yake (jeshini hajawahi kufika hata getini), alishauri tungoje Ijumaa. Alisema ardhi imelowa, kigingi kinaingia kwa kusukumwa na kiganja. Akanionyesha. Kiliingia kweli. Kikatoka vilevile.

Nilimwambia watu wanahitaji kulizoea hema. Sababu hasa sikumwambia. Sababu hasa ni kwamba shemeji akifungua dirisha lake kila asubuhi, alione.

Nguzo ya kati mita sita, kamba ishirini na nne, turubai jeupe kama sahani mpya. Nilisimama barabarani nikaliangalia mpaka macho yakaniuma. Dirisha la shemeji halikufunguliwa.

Mchana ikanyesha. Maji yakatuama juu ya turubai, likabonyea kati kama tumbo la mtu aliyeshiba. Nikaagiza lisukumwe kwa fagio kutoka ndani, jambo la kawaida kabisa. Sajini akasukuma. Maji yote yakashuka upande mmoja kwa pamoja, na upande huo alikuwa amesimama baba wa bwana harusi, mwalimu mkuu mstaafu, aliyekuja kutusalimia.

Akasema hakuna neno. Mtu aliyeloa mpaka soksi akisema hakuna neno, neno lipo.

Jumatano, 9 Aprili

Upepo tangu alfajiri. Vigingi sita nje. Nimevirudisha, vimetoka. Nimevirudisha tena kwa nyundo kubwa, vikazama hadi shingoni, halafu vikatoka na matope yake.

Nikapata wazo. Mapipa! Pipa la maji likijaa, nani atalivuta? Nikakusanya mapipa manane, la kwetu likiwamo, nikayajaza, nikafunga kamba. Mke wangu akauliza watu watapikiwa kwa maji gani. Nikamwambia ayaone kuwa yamehifadhiwa. Saa tano pipa la kwanza likaanguka, likabingirika hadi kwa jirani mshonaji, likapita katikati ya bustani yake ya mboga. Amenitumia salamu kwa ukali ambao sitauandika hapa.

Jioni Sajini kanisomea kadi yangu mwenyewe. Ni kadi ninayompa kila mteja, niliiandika baada ya yale mahafali. Sharti la tatu: kamba zikianza kulia kwa upepo, hema linashushwa. Sharti la nne: kauli ya mwisho ni ya mwenye hema, si ya mteja. Nikamwambia naijua, niliiandika mimi. Akauliza mbona kamba zinalia tangu asubuhi na hatushushi.

Nikamweleza kwa utulivu kwamba wiki hii mimi ni baba wa bi harusi, kwa hiyo mimi ni mteja. Akauliza mwenye hema ni nani basi. Nikamwambia mwenye hema yuko likizo.

Hajacheka. Sajini hana ucheshi.

Alhamisi, 10 Aprili

Binti yangu amekuja kukaa nami chini ya hema, kila mmoja na kiti chake, matone yakituangukia kwa zamu. Alisema kwake yeye hema na ghala ni mamoja, mradi wageni wasiloe na bibi yake apate pa kuegemea. Akaniomba ghala liwe tayari tu, kwa tahadhari. Nikamwambia sawa. Naye ni mtoto anayeomba mara chache, ndiyo maana nilisema sawa haraka.

Mchana nikagundua kwamba "kwa tahadhari" maana yake shemeji na mke wangu wameshahamisha nusu ya mbao. Na shangazi zake wameshaanza kuulizana watakaa kona ipi ya ghala. Kona ipi! Mtu hawezi kuliamini hema huku jicho moja liko ng'ambo ya barabara. Maadamu pa kukimbilia papo, watakimbia hata kwa upepo wa kupepea shati.

Saa saba shemeji akaenda kula. Kufuli imening'inia mlangoni, ufunguo ndani yake. Ghala halikuwa na mtu.

Nikaingia, nikachungulia, pamefagiwa vizuri mno. Nikatoka. Nikafunga. Ufunguo nikautia mfukoni.

Nimejisikia mwepesi sana. Sasa tuko wote kwenye hema, tupende tusipende.

Ijumaa, 11 Aprili

Familia nzima inatafuta ufunguo. Nami nimetafuta, tena kwa bidii kuliko wote. Nimepiga magoti chini ya benchi la randa mpaka suruali ikajaa maranda.

Shemeji amejilaumu siku nzima. Kasema uzee umemwingia, anaweka vitu asikumbuke. Mke wake kamsema mbele za watu. Fundi wa kufuli amesafiri, na kufuli yenyewe ni ile nene ambayo shemeji alikuwa akijisifia nayo, msumeno unaitekenya tu. Nikamwambia pole. Akanishika mkono akaniambia asante, shemeji, angalau wewe hunicheki.

Hapo nilijisikia vibaya. Kwa kama dakika kumi hivi. Kisha upepo ukachana pazia la upande wa kaskazini kutoka juu hadi chini, nikawa na mambo mengine ya kufikiria. Mshonaji amelishona. Amelishona kwa uzi mwekundu makusudi, kwa ajili ya mboga zake.

Nimeongeza mifuko arobaini ya mchanga. Nimezifunga kamba nne kwenye nguzo ya uzio wetu. Uzio umeanza kuinama. Ni mzee, ungeinama tu hata bila kamba.

Jumamosi, 12 Aprili

Nitaandika kwa ufupi kwa sababu viganja vimechubuka.

Ndoa ilifungwa saa nne asubuhi, jua likiwaka. Saa nane wageni mia mbili walikuwa chini ya hema langu. Shemeji mwenyewe alileta mbao akazipanga matopeni ili watu wapite bila kuchafuka. Mwalimu mkuu mstaafu akatazama juu, akasogea hatua mbili kando, kisha akasema ni hema zuri. Binti yangu alikuwa amekaa mbele, amependeza hadi nikashindwa kumtazama sawasawa. Niliamini nimeshinda.

Saa tisa mbingu zikafunga. Upepo ukaja na mvua yake kwa pamoja. Kamba zikaanza kulia, kwanza za kaskazini, halafu zote. Sajini akafungua mapazia ili upepo upite. Zikalia zaidi. Akaja akaniuliza sikioni anaongea na mteja au na mwenye hema. Nikamwambia dakika tano. Baada ya hizo nikaomba tano nyingine.

Kigingi cha kwanza kikachomoka, kikapita na kamba yake usawa wa vichwa vya watu, kikaangusha kofia ya shangazi wa bwana harusi. Kingekuwa chini kwa kiganja kimoja tu, nisingekuwa naandika habari za kofia. Sajini hakuniuliza tena. Kwa sauti ile ile iliyompa jina, akawaambia watu watoke wote, wavuke barabara, wazee na watoto kwanza.

Wakavuka. Ghala limefungwa. Watu mia mbili wakabanana upenuni mwa shemeji, mama yangu amefunikwa kitambaa cha meza, masufuria yamewekwa chini, keki imebebwa na wanaume wanne. Shemeji anapigapiga kufuli kwa jiwe huku akiomba radhi kwa kila mtu anayepita.

Mimi nilikuwa nimekumbatia nguzo ya kati. Ilikuwa inaninyanyua na kunishusha. Bado nilikuwa nahesabu kwamba upepo ungetulia muda si mrefu.

Binti yangu akarudi. Gauni limejaa matope hadi magotini. Nikamwamuru atoke, mimi ni baba yake. Akasema hatoki maadamu mimi bado niko ndani. Nikamwambia tena, kwa ukali. Akasema hamuulizi baba. Anamuuliza mwenye hema. Kamba zinalia, na kuna mtoto wa mteja amesimama chini ya turubai. Linashushwa au halishushwi?

Katika miaka kumi na tisa sijawahi kumwacha mtoto wa mteja chini ya kamba zinazolia. Hata mara moja. Niliogopa, nitasema ukweli, niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikasema linashushwa. Nikaiachia nguzo, nikamshika mkono, tukakimbia. Tulipofika barabarani lilianguka nyuma yetu kwa kishindo, na nguzo ikatua pale pale kwenye kiti chake.

Akaniuliza watu wafanyeje sasa, na ghala limefungwa. Nikatia mkono mfukoni. Nikautoa ufunguo.

Akautazama. Akanitazama mimi. Mvua inatupiga wote wawili. Kisha akauchukua, akavuka hadi kwa mjomba wake, akamwambia umeokotwa kwenye matope.

Shemeji alimkumbatia, akalia. Alinikumbatia na mimi. Nikaona haya, nikaenda kubeba masufuria. Watu wamecheza ghalani hadi magharibi, juu ya sakafu kavu, hakuna aliyedondokewa tena hata tone. Binti yangu alicheza nami wimbo mmoja mzima. Hakuniambia neno kuhusu ufunguo. Ningependelea angenifokea.

Jumapili, 13 Aprili

Nimetafakari sana na nimepata fundisho. Vigingi vilikuwa vifupi. Vilihitaji nusu mita zaidi, tena vya chuma.

Kosa la pili ni watu. Hema lilikuwa na wageni mia mbili wanaosogeasogea na kugusa kamba. Bila wageni lingesimama hadi leo.

Ili kulithibitisha hili nimelisimamisha upya, palepale. Nimesema ni kwa ajili ya kulikausha. Sajini hakuja. Amesema kwenye simu kwamba ana mgongo, halafu akasema ana mgeni, halafu akakata. Nimelisimamisha peke yangu kwa saa nne, na limesimama vizuri, limepinda kidogo tu. Nimeweka kiti kimoja katikati, ndipo ninapoandika.

Shemeji amepita, amelitazama, ametikisa kichwa, ameniletea koti lake la mvua bila kuulizwa. Nimelitundika kwenye nguzo. Siwezi kulivaa huku dirisha lake liko wazi.

Mke wangu ameniita mara mbili kutoka jikoni. Upande wa kaskazini pamekuwa na giza, lakini ni giza la kupita.

Simu imelia. Binti yangu, kutoka kwake. Ndiyo kwanza siku moja na tayari anasema "kwangu". Kauliza niko wapi. Nimesema ndani. Si uongo. Kauliza kelele hizo ni za nini. Nimesema televisheni.

Halafu kasema, taratibu kabisa, "Baba, toka humo."

Nimemwambia natoka sasa hivi. Nimebakiza nusu ukurasa tu, na nguzo inatikisika kidogo sana.